Nyumba inayofuata msimu: Tunachoweza kujifunza kusini Unguja

KUSINI mwa kisiwa cha Unguja mwaka hauanzi Januari. Unaanza Julai, kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa, ambayo watu wa Makunduchi wameirithi kwa wazee wao pamoja na hesabu ya siku inayohusishwa na Nairuzi ya Waajemi. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanaume hupigana kwa migomba ili kuondoa kinyongo cha mwaka uliopita, wanawake huimba, kisha kila nyumba hupika na kungoja wageni.

Watalii hupiga picha za moto huo na kuondoka. Lakini kwa mzazi anayepiga hesabu ya mkaa, umeme na maji kila mwisho wa mwezi, jambo la maana zaidi ni ile hesabu ya siku. Mwaka huo wa kienyeji una siku 365, na wazee waliugawa katika mafungu ya siku kumi kumi yaitwayo miongo. Kwa kuhesabu miongo mkulima alijua lini apande, na baharia alijua lini upepo utageuka. Ilikuwa kalenda ya kuendeshea nyumba na chombo.

Nimekwenda Makunduchi na vijiji jirani vya Jambiani na Paje mara kadhaa, kila mara katika msimu tofauti. Safari si ngumu. Boti kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili hadi bandari ya Malindi, kisha unatafuta daladala namba 310. Gari hupita Tunguu, hupita kando ya msitu wa Jozani wanakoishi kima punju, halafu kidogo kidogo nchi inabadilika. Minazi inabaki, lakini udongo mzito unaisha na chini ya miguu linabaki jiwe la matumbawe. Mkulima hupanda mtama na kunde katika vishimo vya udongo vilivyo kati ya mawe. Hakuna mto. Maji ni ya chini ya ardhi, na umeme hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba.

Njia hiyo ya umeme ilipoharibika Mei 2008, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 umeme ukakatika tena, safari hiyo kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waya mpya mkubwa ulizinduliwa 2013 na hali ikawa nafuu. Lakini watu walioishi miezi ile hawahitaji semina ya kuambiwa kwamba kila kitu tunachotumia nyumbani kinatoka mahali, na kinaweza kwisha.

Nilichojifunza huko ni hiki: nyumba isiyopoteza ovyo si lazima iwe na vifaa vipya vya bei kubwa. Mara nyingi ni ile inayofanya jambo kwa msimu wake. Basi tuufuate mwaka kama wanavyoufuata wao, kuanzia baada ya Mwaka Kogwa.

Kipupwe: moto wa jikoni

Juni hadi Agosti upepo wa Kusi hupuliza kwa nguvu. Kuna ubaridi, asubuhi watoto hutoka wamejifunika kanga, na mvua ndogo za mchoo hupita. Bahari ya upande wa mashariki huwa kali kwa ngalawa ndogo, hivyo samaki hupungua na bei hupanda. Jikoni huwa ni zamu ya kunde, choroko, mhogo na ng'onda, yaani samaki waliokaushwa juani wakati wa neema.

Vyakula hivi vina lishe na ni vya bei nafuu, ila vingi vinataka moto wa muda mrefu. Mwenyeji wangu wa Makunduchi, mama mwenye wajukuu kadhaa, hupunguza moto huo kwa hatua tatu. Kwanza, kunde na maharage hulala majini usiku kucha, na maji hayo humwagwa asubuhi. Pili, chungu hakikai wazi. Tatu, wali haumaliziwi kwa moto mkubwa. Maji yakikauka, makaa huondolewa chini, machache hupangwa juu ya mfuniko, na wali hupaliwa hadi ukauke vizuri. Makaa yaleyale yaliyochemsha maji ndiyo yanayomalizia kazi.

Makaa yenyewe mara nyingi ni ya vifuu. Siku ya kwanza nilipouliza vifuu vile vimekaa pembeni vya nini, alicheka.

"Mwanangu, nazi haina taka."

Akanionyesha. Nyama ya nazi hukunwa kwenye mbuzi, tui hukamuliwa la kwanza na la pili, machicha huliwa na kuku. Kifuu huwa upawa au huwa moto. Makumbi huzikwa ufukweni, maji ya bahari yakiyapita kwa miezi, kisha hupondwa yakatoka usumba wa kusokotea kamba. Makuti huezeka, vijiti vyake huwa fagio, na karara kavu huwashia moto.

Sisi tunaoishi mjini hatuna mnazi uani, lakini hesabu ya moto ni ileile. Mkaa unaochomwa kwa tanuri la kienyeji hula kuni nyingi sana: kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Kila saa ya moto unayoipunguza ni mti na ni fedha. Tena ni pumzi ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 kati yao vikiwa vya watoto walio chini ya miaka mitano.

Ndiyo maana anayeweza kuhamia gesi au umeme asisite. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Lakini mtungi wa gesi nao huisha, na mbinu za chungu zinafaa kwenye kila jiko. Roweka. Funika. Kata vipande vidogo. Chemsha maji ya chai mara moja asubuhi, yanayobaki yatie kwenye chupa ya chai.

Ongeza moja: kapu la joto. Chukua kikapu kikubwa au boksi, tandika ndani blanketi kuukuu au mto wa vitambaa, weka sufuria iliyokwisha kuchemka, funika juu na pembeni pasiingie hewa. Wali au makande yaliyokaribia kuiva yatajiivisha yenyewe bila moto. Kwa maharage kuna tahadhari: lazima yachemke kwa nguvu kwanza, si chini ya dakika 10, kwa sababu maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika. Na chakula kikitoka kwenye kapu kikiwa vuguvugu, kipashe moto hadi kichemke kabla ya kuliwa.

Vuli: shimo la taka na kikapu cha sokoni

Oktoba hadi Desemba huja mvua za vuli, fupi na zisizotabirika. Katika nchi ya mawe udongo ni mali, kwa hiyo takataka za jikoni hazitupwi mbali. Maganda ya viazi, majani ya mboga na jivu kidogo la kuni hurudi shimoni au kwenye shina la mgomba. Mvua ikinyesha, vinaoza na kuwa udongo mweusi.

Nyumba ya mjini yenye kiuga kidogo inaweza kuchimba shimo la futi mbili. Asiye na uga atumie ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Kanuni ni moja: tabaka la maganda mabichi, kisha tabaka la vitu vikavu kama majani makavu, makaratasi yaliyochanwa au maranda ya mbao. Usitie nyama, samaki wala mafuta, kwani huvuta panya. Likinuka, ongeza vikavu. Likikauka, nyunyiza maji. Baada ya miezi michache utakuwa na udongo wa kujaza beseni lililopasuka, na humo mchicha huwa tayari kuchumwa ndani ya wiki nne hivi. Mpe mtoto beseni lake. Mtoto aliyepanda mchicha mwenyewe huula bila kushikiwa fimbo.

Vuli pia ni wakati wa kutazama kilichoziba mitaro. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya ikafuata Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mifuko imepungua kweli, lakini chupa za maji na vifungashio vingine bado vipo, hata kwenye fukwe nzuri za Paje na Jambiani. Marufuku ya serikali hayawezi kufika kwenye kila mkoba wa mama au baba anayekwenda gengeni.

Kusini Unguja jibu lilikuwepo kabla ya plastiki. Pakacha husukwa kwa kuti bichi kwa muda mfupi tu, hubeba mihogo au samaki, na likichakaa hurudi ardhini. Kikapu cha ukili hudumu zaidi. Hapa bara vikapu hivyo vipo sokoni, na ukinunua kimoja fedha hiyo huenda kwa msukaji. Kitundike mlangoni au kiweke kwenye gari, kwa sababu kikapu kilichosahauliwa nyumbani hakimsaidii mtu akiwa sokoni. Kwa nyama na samaki, beba bakuli lenye mfuniko.

Kaskazi: joto, maji na nguo za shule

Kuanzia Desemba hadi Machi upepo hugeuka ukatoka kaskazini. Ni msimu wa joto kali na wa maembe. Ndio msimu ambao bili ya umeme hupanda katika miji yote ya pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara.

Nyumba za zamani za pwani zilijengwa kwa kufikiria joto hilo: kuta nene za mawe na chokaa, paa la makuti, baraza yenye kivuli, na madirisha yanayotazamana ili upepo uingie huku na kutokea kule. Leo wengi tumeezeka mabati, na bati hupitisha joto haraka. Bado kuna la kufanya. Fungua madirisha ya pande mbili alfajiri na jioni, funga pazia upande wenye jua mchana. Weka dari hata ya bei rahisi. Sogeza jokofu mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua. Jaribu mpira wa mlango wake kwa karatasi: funga mlango juu ya karatasi, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, ubaridi unavuja pamoja na fedha zako. Piga pasi nguo zote kwa mkupuo mmoja, na badilisha taa za zamani uweke LED kadiri zinavyoungua.

Na usiudharau mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole kwenye vinyweleo vyake, hufika nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki. Uweke penye kivuli na upepo, uufunike, na tumia kata safi.

Kaskazi pia ndiyo inayopima visima. Chini ya kisiwa maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kwa sababu ni mepesi zaidi. Watu wakivuta kwa pampu kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda. Kwenye pwani hiyo ya hoteli nyingi, mama anaonja maji ya kisima chake na kujua mwezi bila kutazama simu. Miji yetu ya pwani nayo ina visima vilivyogeuka chumvi. Kwa hiyo maji ya kusuuzia nguo yadeki sakafu au yaende chooni, na maji ya kuoshea mboga yaende kwenye mimea. Kama bomba linavuja, weka beseni chini yake usiku, na asubuhi mwambie mtoto apime kwa kikombe. Hesabu hiyo itamsumbua fundi kuliko kelele zako.

Neema ya maembe nayo ina mwisho wake. Embe mbichi hutiwa chumvi na pilipili zikaanikwa juani kwa ajili ya achari. Embe mbivu hukatwa vipande vyembamba, huanikwa chini ya wavu safi hadi zikauke kabisa, kisha hufungiwa kwenye chupa kavu. Ni vitafunio vya shule visivyo na kifungashio cha kutupa.

Na Januari ni sare. Kabla ya kwenda dukani, toa sare zote za mwaka uliopita, pima kila mtoto, fumua pindo, hamisha vifungo. Ukinunua mpya, chagua yenye pindo refu. Wanawake wa pwani wana elimu kamili ya jambo hili katika kanga: huanza kuvaliwa, ikififia huwa mbeleko, ikilainika huwa winda za mtoto, mwisho huwa tambara la kudekia. Mzazi mwenye mtoto mchanga anaweza kutumia winda za kitambaa akiwa nyumbani na kuacha pampasi kwa safari na usiku. Hata nusu hiyo inapunguza sana matumizi na taka.

Masika: mvua ni ya bure

Machi hadi Mei mbingu hufunguka. Hapa hesabu ni rahisi, na inafaa kufanywa na mtoto wa darasa la tano. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo masika huleta mara nyingi, ni lita 960. Hata zikipotea nyingine, zinabaki kama ndoo 40 kubwa. Piga hesabu ya bei ya ndoo mtaani kwako.

Unachohitaji ni mfereji wa bati ukingoni mwa paa, bomba, na pipa au tangi. Mwanzo wa msimu safisha paa na mfereji. Kila mvua inapoanza, acha maji ya dakika za kwanza yapite, maana hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Maji hayo yanatosha kufulia, kuogea na kudekia. Ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa kwa maelekezo yake.

Tahadhari moja haina mjadala. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga kwenye maji masafi yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani, na mayai yake hunata kwenye kingo. Funika kila pipa kwa mfuniko unaobana au kitambaa kilichofungwa. Mara moja kwa wiki, sugua kingo za vyombo vidogo na umwage maji ya sahani za maua, makopo na matairi.

Masika ndiyo majira ya kupanda mti. Mche wa mwembe au mstafeli uliopandwa upande wa jua la mchana hunyweshwa na mvua miezi mitatu ya kwanza, kipindi ambacho miche mingi hufa kwa kusahauliwa.

Yasiyofaa kuigwa

Itakuwa si haki kuondoka Makunduchi tukiimba sifa tupu. Paa la makuti linahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache na linashika moto haraka, na mwenye uwezo wa mabati hulaumiwi kuyachagua. Kuponda makumbi ni kazi ya kuumiza mgongo, na kamba inayotoka huuzwa kwa fedha kidogo. Kuni zinazokatwa kwenye vichaka vya mawe huchukua miaka kuota tena.

Tena, karibu kila mbinu niliyoieleza hapa imebebwa na mikono ya wanawake. Mama ndiye anayeroweka, anayechota, anayeanika, anayefumua pindo. Ikiwa kupunguza matumizi nyumbani kutamaanisha saa mbili zaidi za kazi kwa mama huku wengine wakitazama mpira, mpango huo hautafika mwezi wa pili. Niliuliza Makunduchi kama wajukuu wanajua kusuka pakacha. Mmoja anajua, wa kiume, kwa sababu babu yake alimkalisha na kumfundisha. Wengine wanajua jina lake tu.

Uanzie wapi?

Usianze na yote. Tazama msimu ulio nao sasa. Mvua ikikaribia, anza na mfereji na pipa. Kama ni joto, anza na jokofu na beseni la chini ya bomba. Kama ni kipupwe, tengeneza kapu la joto Jumamosi hii. Kama ni vuli, chimba shimo.

Kisha chukua karatasi moja, igawe sehemu nne, andika Kipupwe, Vuli, Kaskazi na Masika. Kaeni pamoja jioni, kila sehemu ipate kazi moja tu, na kando ya kazi liandikwe jina la atakayeifanya. Hakikisheni jina la baba lipo, na la kila mtoto anayeweza kubeba kikombe cha maji. Ibandikeni kwenye mlango wa jiko, mahali ambapo kila mtu hupita akitafuta chakula.